Gonga chasisi kwanza: jinsi ya kuamua kama Land Rover ya zamani iliyoliwa na kutu inafaa kufufuliwa

Land Rover ya kwanza niliyoinunua ilikuwa pikapu ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, imelala chini ya mwembe Tanga, rangi yake ya kijani bado inang'aa ukiifuta vumbi kwa kiganja. Niliizunguka mara mbili, nikafungua milango, nikapiga boneti konzi, nikaridhika. Nikalipa. Kesho yake nikaweka jeki chini ya boriti ya kulia ya chasisi nikaanza kupandisha. Gari halikupanda. Kilichopanda ni kichwa cha jeki, kikazama ndani ya chuma kama kidole kwenye andazi, na kwenye lile tundu yakamwagika magamba ya kahawia, matope makavu na nyuzi za mkonge.

Nilikuwa nimenunua bodi. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kipimo baada ya vita, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Alumini haioti kutu ya kahawia, ndiyo maana utasikia watu wakiapa kwamba Land Rover haiozi. Lakini chini ya alumini hiyo kuna chasisi ya chuma, na mbele ya miguu ya dereva kuna ukuta wa chuma unaotenganisha injini na viti. Hivyo viwili ndivyo gari lenyewe. Aliyekulia pwani ataelewa upesi: mbao za ubavuni mwa jahazi hubadilishwa kila msimu ukihitaji, lakini mkuku na mataruma yakioza huna chombo tena.

Nitaeleza hatua ninazozifuata sasa kwa Series II, IIA na III, yaani zile zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985, kwa sababu ndizo zilizojaa mashambani, kwenye misheni na kwenye hifadhi zetu. Mwishoni nitagusia Peugeot 404 na Volkswagen Beetle, kwani mifupa yao imekaa tofauti.

Hatua ya 1: Soma namba kabla hujatazama kutu

Muombe mwenye gari kadi, au logibuku kama uko Kenya, kisha nenda mwenyewe ukaitafute namba ya chasisi kwenye chuma. Kwenye magari haya imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye ile pembe ya chasisi inayoshika springi. Sugua taratibu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usitumie grinda, maana grinda itaifuta namba pamoja na kutu. Ukimulika tochi kwa ubavu, tarakimu hutoka hata pale zilipofifia.

Usitegemee sura ya gari kukwambia umri wake. Land Rover ni gari la boliti. Milango ya moja huvaliwa na nyingine, na grili ya plastiki ya Series III nimeiona kwenye gari la miaka ya sitini. Namba ndiyo husema. Ikiwa pembe hiyo imeoza mpaka namba haisomeki, au namba iliyopo hailingani na kadi, simama hapo. Nenda TRA (mamlaka ya mapato, Tanzania) au NTSA (mamlaka ya usafiri, Kenya) ukaulize mapema nini kinawezekana. Gari lililofufuliwa vizuri ambalo haliwezi kuandikishwa ni pambo la uani, na pesa uliyoweka humo hairudi.

Hatua ya 2: Uliza gari lilikuwa linalala wapi

Swali hili wengi hulipita, nami naliona lina uzito kuliko mwaka wa gari. Series III iliyoishi miaka yake yote Pangani, Lamu au Bagamoyo huwa na hali mbaya kuliko Series II iliyozeekea Dodoma. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi hunyonya unyevu hata siku ya jua, na chuma hakipati kukauka. Land Rover zilizobeba samaki, kopra au magunia ya chumvi ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yalikuwa yakichuruzika kutoka nyuma moja kwa moja hadi juu ya boriti. Zilizotoka Uingereza nazo zichunguze kwa makini, kwa kuwa barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu.

Uliza pia limesimama juu ya nini. Gari lililokaa juu ya nyasi hupumuliwa unyevu kutoka chini usiku na mchana. Miaka mitatu kwenye nyasi inaweza kuharibu kuliko miaka kumi barabarani.

Hatua ya 3: Nyundo, bisibisi na kioo

Hapa tukae, maana uamuzi wako wote utatoka hapa.

Chukua nyundo ndogo, bisibisi nene ya zamani, tochi, kioo cha mkononi, brashi ya waya na chaki. Mwambie mwenye gari waziwazi kwamba utagonga na kuchokonoa. Akikataa, umeshapata jibu lako. Weka gari juu ya magogo imara au stendi, ukiinulia kwenye ekseli, wala si kwenye chasisi. Sababu ya hilo nimeshaieleza. Kamwe usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hasa gari ambalo hujui chuma chake kikoje.

Kwa nini nyundo, wakati macho unayo? Kwa sababu boriti za chasisi hii ni maboksi, zimeundwa kwa bati nne ndefu zilizochomelewa pembeni, unene wake kama milimita 2, na ndani zina uwazi. Matope na maji huingia kupitia matundu, hukaa humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Kwa nje unaweza kukuta rangi nzima nyeusi, kumbe nyuma yake pamebaki karatasi. Chuma kizima ukikigonga hulia, na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilichooza husema "pu" na nyundo haina nguvu ya kurudi. Kuna mlio wa tatu, wa kuchakacha, kama unagonga mkebe wenye mchanga: hayo ni magamba ya kutu yaliyojaa ndani ya boksi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ukiona boriti imevimba au mshono umeachama, kazi ya ndani imekwisha kufanyika.

Anza nyuma kabisa. Boriti ya mwisho inayobeba ndoano ya kuvutia hupigwa na matope ya magurudumu yote mawili, na mara nyingi ndiyo hufa kwanza. Ikiwa ni hiyo tu iliyooza, usikate tamaa. Hukatwa na kuwekwa nyingine, na fundi mzuri wa kuchomelea huimudu.

Kutoka hapo fuata boriti mbili ndefu kuja mbele, ukigonga kila upana wa kiganja, pande tatu unazozifikia. Upande wa nne, ule wa juu ambao bodi imekaa, ndio unaohifadhi tope, na hauonekani. Tumia kioo, kisha pitisha vidole. Ukihisi makali ya magamba, tia bisibisi na usukume kwa nguvu ya mkono, bila kupiga. Ikizama, chora duara kwa chaki. Gonga mahali boriti inapopanda kuvuka ekseli ya nyuma. Gonga kila mahali springi zinaposhikiliwa. Gonga ile mikono mifupi inayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba tangi la mafuta na miguu ya ule ukuta wa mbele; mikono hii huoza sana, lakini kuibadilisha ni rahisi.

Chini ya injini na giaboksi utakuta chuma kizuri karibu kila mara, kwa sababu magari haya huvuja oili na oili imekipaka kwa miaka hamsini. Usifurahie hapo ukaacha kuangalia mita moja nyuma yake.

Mambo mawili yananifanya nikutahadharishe zaidi. La kwanza ni lami au rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini juzijuzi; anayeuza gari bovu hupenda kuanzia hapo. La pili ni kiraka juu ya kiraka. Bati jipya lililochomelewa juu ya chuma kilichooza hujenga mfuko wa maji, na kinachofuata huwa kibaya kuliko cha mwanzo. Viraka vya namna hiyo vihesabu kama matundu.

Hatua ya 4: Ukuta wa mbele

Fungua mikeka, toa raba, mulika mahali miguu inapokaa. Huku, tofauti na bodi, chuma hushika sumaku, kwa hiyo pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: pale isiposhika pamejazwa puti.

Sakafu za miguu zikiwa na matundu si habari kubwa. Ni vipande vya bati vyenye mikunjo michache, fundi bodi huvitengeneza siku moja. Nguzo za milango zikiwa zimeoza kwa chini, hiyo ni kazi ya wastani, ila inataka vipimo kwa sababu milango itaning'inia hapo. Kinachotisha ni pembe za juu, karibu na mahali kioo cha mbele kinapokunjia, na pale chini ya vile vidirisha vya hewa. Umbo lake ni gumu kulifuata kwa nyundo na bati bapa. Ukikuta pembe zote mbili za juu zimetoboka na nguzo zote mbili hazina miguu, andika kwamba ukuta mzima unahitajika.

Hatua ya 5: Timazi na kamba

Chasisi inaweza kuwa na chuma kizima lakini imepinda, ama kwa ajali ama kwa kubebeshwa mawe. Gari likiwa limesimama sawa, teremsha timazi kutoka kwenye boliti za springi, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na uweke alama ya chaki sakafuni. Sogeza gari, kisha pima kwa futi kamba kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana kwa milimita chache, endelea. Vikitofautiana kwa sentimita mbili au tatu, unanunua gari linalokwenda upande, na kuweka viraka juu ya chasisi iliyopinda ni kupoteza kazi.

Hatua ya 6: Unga mweupe

Alumini ina ugonjwa wake. Mahali inapogusana na chuma, palipo na chumvi na unyevu, alumini ndiyo huliwa, ikageuka unga mweupe kama chokaa. Utauona kuzunguka riveti, chini ya sakafu ya nyuma na chini ya milango, ambayo fremu yake ya ndani ni chuma. Unga ukiwa umezunguka boliti tu, sehemu hukatwa na kutiwa kiraka, na safari hii huwekwa raba au rangi katikati ili vyuma viwili visigusane. Ukitaka kuchomelea, tafuta fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni na uzoefu wa alumini. Mashine ya kawaida ya vijiti itatoboa tu. Mipondo na mikwaruzo ya bodi, hata iwe ya kuudhi vipi, isikusumbue leo.

Hatua ya 7: Injini, kwa ufupi

Injini inayonguruma imewauzia watu chasisi mbovu nyingi. Iache iwe ya mwisho. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ni injini ya kujenga upya bila miujiza, na vipuri vyake vinapatikana. Ikiwa imeganda, toa plagi, mimina dizeli au oili nyepesi kwenye silinda, acha siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha kwa hendeli ya mbele bila kulazimisha. Ikikubali, vizuri. Isipokubali, ongeza gharama ya kuifungua na usonge mbele.

Hatua ya 8: Andika hesabu ya kutu peke yake

Rudi kwenye duara zako za chaki. Kwa kila moja andika vitu vitatu: kipande gani kinakatwa, saa ngapi za fundi, na bati kiasi gani. Mimi nina kanuni ya kazi: tundu la ukubwa wa sarafu naliandika kama kiganja, na tundu la ukubwa wa kiganja naliandika kama sahani. Ukishakata mpaka ufikie chuma kinachoweza kushika moto wa kuchomelea, utaona sikukuza mambo. Waite mafundi wawili kila mmoja kwa wakati wake, wapewe karatasi ileile. Kisha ongeza nusu ya jumla. Usichanganye hapo rangi, viti wala matairi. Hayo yana ukurasa wake.

Sasa una njia tatu. Kama ubovu ni boriti ya nyuma, mikono ya ubavuni na sehemu moja au mbili za boriti ndefu, weka viraka vya uhakika: kata uozo wote, tumia bati la milimita 2 au 3, toa tangi la mafuta nje kabla ya moto kuwashwa. Kama boriti ndefu zimeoza zaidi ya mahali patatu, au vishikio vya springi vimekwenda pande zote mbili, mimi sikubali viraka tena. Hapo ni kutafuta chasisi nzima. Uingereza bado hutengenezwa chasisi mpya za magari haya zilizochovywa zinki, lakini hesabu meli, ushuru na kutoa mzigo bandarini Mombasa au Dar es Salaam, na ujue kwamba kubadilisha chasisi ni kufungua gari lote hadi boliti ya mwisho. Njia ya tatu ni kununua Land Rover nyingine yenye mifupa mizima na bodi mbovu, kutoka bara. Ukiipata na kadi yake ni halali, jiulize kwa dhati ni gari gani hasa unalolifufua, maana kisheria litakuwa lile lenye chasisi. Namba ya zamani usiigonge mwenyewe kwenye chuma kipya, kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya 9: Amua kwa kujua unalitakia nini

Ukijumlisha na kukuta gharama inazidi bei ya Land Rover nzima inayotembea, kwa kawaida jibu ni kununua hiyo inayotembea. Nasema kwa kawaida, kwa kuwa kuna magari ambayo hesabu si ya pesa tupu. Series I zile fupi za mwanzo, za inchi 80, zilizotoka kati ya 1948 na 1953, ni chache mno kuachwa zife. Gari ambalo baba yako alilitumia kubebea dawa vijijini nalo halina mbadala sokoni. Na kama ndoto yako ni kulipeleka Ngong Racecourse, Nairobi, kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, jiandae kwa kiwango ambacho gari la shamba halikihitaji. Sema tu ukweli mapema, kwako na kwa mnayekula pamoja nyumbani, kwamba pesa hii hairudi.

Kwa upande wangu, nikiwa na Land Rover mbili mbele yangu, moja imepondeka kila paneli lakini inalia vizuri chini ya nyundo, na nyingine inang'aa lakini inasema "pu", sisiti hata dakika. Ninayoiendesha sasa ni 88 niliyoitoa Dodoma. Ilikuwa mbaya wa sura hata watoto wa mtaa waliicheka. Chasisi yake ilihitaji mkono mmoja wa ubavuni, basi.

Peugeot 404 na Beetle

Peugeot 404 haina chasisi ya kutenga. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kwa hiyo kutu ya vizingiti chini ya milango, ya sakafu, na ya pale juu ya magurudumu ya mbele panaposhika shokomzoba, ni kutu ya mifupa. Jaribu hivi: inua ubavu mmoja kwa jeki, kisha fungua na ufunge mlango wa upande huo. Mlango ukianza kukwama, vizingiti vimechoka. Najua wengi tunaipenda kwa sababu ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, lakini kama sehemu hizo tatu zote zimeliwa, itunze kama ghala la vipuri vya 404 nyingine.

Beetle ina huruma zaidi. Bodi imefungwa kwa boliti juu ya sakafu, na viwili hivyo hutenganishwa. Inua kiti cha nyuma: betri inakaa humo, na asidi yake huanza kula sakafu ya chini yake. Kwenye mfupa wa katikati, chini ya kiti hichohicho, ndipo namba ya chasisi ilipo. Halafu gonga mifereji iliyo chini ya milango. Gari hili liliendelea kutengenezwa Mexico hadi Julai 2003, kwa hiyo bati za sakafu na mifereji bado hupatikana.

Ukiamua ndiyo, au hapana

Ukiamua ndiyo, wiki hiyohiyo simamisha kutu hata kama pesa ya fundi bado. Toa gari kwenye nyasi. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya boriti, ingiza mpira wa maji safi ndani ya boksi hadi maji yatoke meupe, acha likauke juani siku kadhaa, kisha nyunyiza ndani mafuta mazito au nta ya chasisi mpaka yachuruzike kila tundu. Sehemu utakazochomelea ziache bila mafuta. Zitapata zamu yake baada ya moto.

Ukiamua hapana, mwambie mwenye gari bila kumdhalilishia mali yake, na kama ni lako, lifungue kwa heshima. Vipuri vyema vitafufua jingine. 109 yangu ya Tanga ilitoa injini, ekseli zote mbili, giaboksi na milango. Nilirudisha kadi ili gari lifutwe kwenye daftari. Chasisi ikakatwa vipande, ikaenda kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ile boriti ya kulia, ambayo ilipaswa kubeba tani ya mkonge, kijana mmoja aliiweka begani peke yake akatembea nayo hadi kwenye mkokoteni, magamba yakidondoka nyuma yake njia nzima.